Vifungo Visivyo na Matundu

Uvumi ule ulinikuta nimesukwa nusu kichwa. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha, upande wa kushoto umesimama kama ufagio. Mtu wa namna hiyo hawezi kunyanyuka akaondoka. Kwa hiyo niliusikia wote mpaka mwisho.

Msusi alianza kwa sauti ya chini. Msusi wetu akisema jambo kwa sauti ya chini, ujue mtaa mzima utalijua kabla ya jioni.

"Shoga, umesikia ya serikali?"

"Yapi?"

"Wanaandika wazee wanaosahau. Nyumba kwa nyumba. Wana daftari la kijani."

"Wanaandika ili iweje?"

"Wakishaandika, linakuja gari. Mzee anapakiwa, anapelekwa kwenye jumba la utafiti. Wanamfungua kichwa, wanatoa bongo, wanalipima."

"Halafu?"

"Halafu mzee anarudi. Bongo linabaki."

"Sasa mtu anarudije bila bongo?"

Msusi akavuta nywele mpaka machozi yakanitoka. "Ndiyo hapo sasa! Wewe unadhani kwa nini mzee wa muuza mkaa hasalimii watu siku hizi?"

"Yule hasalimii tangu zamani. Hajawahi kusalimia."

"Basi walianza zamani," akasema Msusi.

Nilicheka njia nzima. Lakini nilipofika nyumbani nilimkuta baba mkwe wangu amesimama mbele ya mlango wetu, anaupima mlango kwa futi yake.

"Mteja huyu ana mabega mapana," akaniambia. "Kitambaa alicholeta hakitatosha."

Kicheko kikaniishia palepale.

Wajukuu wanamwita Babu Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia nguo haitoki shingoni mwake. Anakula nayo, analala nayo, hata kuoga anaoga nayo. Alishona sare za shule miaka arobaini. Watu wazima wengi wa mtaa huu, kaptura zao za kwanza alizishona yeye. Alipofiwa na mkewe, mume wangu alimleta kwetu yeye na cherehani yake. Tukaiweka sebuleni, chini ya dirisha.

Kusahau kulianza kidogokidogo. Aliutafuta mkasi huku ameushika. Tukacheka, maana nani hajawahi? Kisha akashona kaptura yenye miguu mitatu. Nilipomwuliza huo wa tatu ni wa nini, akasema, "Wa akiba." Kisha pasi ikapotea siku mbili, tukaja kuikuta ndani ya ndoo ya unga.

Lakini kilichonitesha zaidi ni chai. Babu Futi anakunywa chai, anaweka kikombe chini, anatazama nje, anasema, "Nyumba hii siku hizi hakuna chai?" Mtu akipita dirishani anamwita, "Njoo nikuambie. Mkwe wangu ni mtu mzuri sana, ila chai ananinyima."

Nikajulikana. Jirani mmoja aliniletea majani ya chai ameyafunga kwenye karatasi. Akanishika bega, akasema, "Jikaze tu, mama. Maisha ni magumu kwa wote."

Mume wangu ni fundi wa mageti. Nilimweleza habari ya Msusi akiwa ananawa mikono.

"Bongo la baba?" akasema. "Wakilifungua watakuta vipimo vya kaptura tu."

"Sitaki utani, baba watoto. Baba anasahau."

"Huo ni uzee. Babu yangu naye alikuwa hivihivi."

"Na babu yako alipata tiba gani?"

Akafikiri. "Tulimficha chumba cha uani," akasema. Akaendelea kunawa, ila taratibu zaidi.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mvua ikinyesha nahesabu watoto. Isiponyesha nawahesabu tena. Siku ile nilianza kukumbuka mambo. Mwaka uliopita walikuja watu wa hospitali wakamwuliza baba, "Leo ni siku gani? Huu ni mwezi gani?" Wakaandika, wakaondoka. Baada ya wiki chache wakaja watu wa ustawi wa jamii. Maswali ni yaleyale. Wakaandika, wakaondoka. Mwisho wakaja vijana wa chuo kikuu. Wakampa karatasi wakamwambia achore saa ya ukutani, ile duara yenye namba. Babu Futi akawachorea kola ya shati, nzuri kabisa, na vipimo pembeni. Nao wakaandika, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyerudi kutuambia jambo.

Sasa nikajiona nimeelewa. Kumbe walikuwa wanachagua bongo!

Nikaapa kwamba baba mkwe wangu hatapakiwa. Na hapa ndipo nilipokosea, nanyi mnaosoma nisikilizeni vizuri.

Nilitaka baba awe kimya, majirani wasione hali yake wakaenda kumsema. Wakati ule alikuwa hashoni mchana tu. Hata usiku alikuwa anaendesha cherehani. Nikaenda duka la dawa nikanunua vidonge vya usingizi. Muuzaji akauliza, "Vya nani?" Nikasema, "Vyangu mimi." Naye hakuuliza la pili.

Nilipomdokeza Msusi kwamba nyumbani kuna mzee halali, akaniletea vidonge vingine vya bluu vimefungwa kwenye kitambaa. "Hivi ni kiboko," akasema. Sikumwuliza alivitoa wapi. Pia baba alikuwa na vidonge vya shinikizo la damu alivyopewa hospitali.

Nikawaza, mume wangu akiviona atauliza. Nivifiche wapi? Nikavitia kwenye kopo la vifungo la baba, pale kwenye droo ya cherehani. Nani atatafuta dawa kwenye vifungo?

Nikaanza kumpa vya usingizi kila jioni, na siku za kwanza nilifurahi. Babu Futi alilala. Kisha akawa analala hata mchana, shavu juu ya cherehani. Akawa anaongea kama mtu mwenye kitambaa mdomoni. Akawa anajikojolea, na yeye ni mtu nadhifu. Nikasema moyoni, ugonjwa unazidi. Nikaongeza nusu kidonge.

Asubuhi moja akajikwaa kwenye ngazi ya mlango, akaanguka, akapasuka juu ya jicho. Niliosha jeraha, nikamvalisha kofia, nikaishusha mpaka kwenye nyusi. Nilimwambia mume wangu kwamba baba anaona baridi.

Wiki hiyohiyo kiongozi wa mtaa akapita akitangaza, "Alhamisi mhudumu wa afya atatembelea wazee wote! Nyumba kwa nyumba!"

"Na daftari?" nikamwuliza.

"Na daftari."

"La rangi gani?"

Akanitazama. "Kijani. Kwani ungependa rangi gani, mama?"

Sikuwa na pa kumpeleka. Basi nikasema, kama hawezi kuukimbia mtihani, na aufaulu. Nikawaita wanangu wote watatu tukaanza kumfundisha.

"Babu, leo siku gani?"

"Sijui."

"Sema Alhamisi, Babu."

"Alhamisi."

Tulianza Jumapili. Wiki nzima nyumbani kwetu ikawa Alhamisi. Binti yangu alikwenda shule Jumanne na madaftari ya Alhamisi, akaadhibiwa. Lakini Babu Futi akisinzia kidogo tu, Alhamisi yote inayeyuka.

Ndipo nikapata akili. Nilichukua shati lake jeupe, nikakunja mkono wa shati, nikatia uzi mweusi kwenye sindano. Nikashona kwa ndani, herufi kwa herufi: ALHAMISI. Chini yake nikashona mwezi na mwaka. Akiulizwa, atachungulia mkononi. Nilijipongeza sana.

Alhamisi ikafika. Mhudumu wa afya alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vina vumbi, begi begani. Alipotoa lile daftari la kijani, moyo wangu ulishuka hadi kwenye kandambili.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo hapo." Babu Futi alikuwa amekwisha vua futi shingoni. "Kiuno thelathini na nne. Ni sketi au suruali?"

"Baba!" nikapiga kelele.

"Mwache, mama," akasema mhudumu, akainua mikono apimwe. "Sketi, mzee."

Baba akampima, akaandika kwenye karatasi. Akasinzia kidogo, akafumbua macho. "Karibu, mwanangu. Simama hapo nikupime." Akampima tena. Baadaye akampima mara ya tatu. Mhudumu hakukasirika. Alizitazama zile karatasi tatu, akaniambia kwa upole, "Umeona? Amesahau kwamba amenipima. Lakini vipimo ni vilevile, mara zote tatu. Mikono bado inakumbuka."

Kisha akafungua daftari. "Mzee, leo ni siku gani?"

Nikakohoa. Babu Futi akanitazama, akakumbuka jambo, akakunja mkono wa shati lake. Akachungulia. Akaugeuza mkono. Hakuna kitu. Matundu madogo ya sindano tu.

"Palikuwa na jibu hapa," akasema. "Nimelifumua asubuhi. Lilishonwa vibaya, mwanangu, kama nyayo za kuku. Sikuweza kutoka mbele ya watu na mshono ule."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mhudumu akainamia daftari, mabega yakawa yanamtikisika.

"Sasa na mimi nikuulize," Babu Futi akaendelea. "Wenzako wa hospitali walikuja kuniuliza leo ni siku gani. Wakaja wengine wakauliza hilohilo. Wakaja vijana, nao hawajui. Sasa umekuja wewe. Serikali nzima mmesahau siku? Nendeni mkapimwe."

Mhudumu hakuweza kuvumilia tena. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Mzee, umesema kweli," akasema. "Serikali nayo ilikuwa na ugonjwa wa kusahau. Hospitali ilikuwa na daftari lake, ustawi wa jamii daftari lake, chuo kikuu daftari lake. Hakuna aliyesoma la mwenzake. Mzee mmoja anaulizwa mara tatu na hasaidiwi hata mara moja. Sasa imewekwa ofisi moja ya kuratibu. Maana yake, kazi za hawa wote zipangwe ziende pamoja. Mzee mmoja, ukurasa mmoja. Daktari akiandika, ustawi anasoma. Watafiti wakigundua jambo la kusaidia, linakuja mpaka kwako."

"Ni kama shati," akasema Babu Futi. "Ukiwapa mafundi watatu, huyu akate mikono, huyu kola, huyu mwili, na hawaulizani vipimo, shati hilo halivaliki."

"Naomba niandike maneno hayo," mhudumu akasema, na kweli akayaandika.

Nilikuwa bado naliogopa daftari.

Mhudumu akamtazama baba vizuri. "Mbona anasinzia hivi? Anatumia dawa gani, mama?"

"Za shinikizo la damu tu," nikasema haraka.

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna."

Babu Futi akainua kichwa. "Mwanangu, wewe ni mtu wa serikali, naomba unisaidie. Mkwe wangu ni mtu mzuri, ila dukani wanamwonea. Wanamwuzia vifungo vibovu."

Nikaganda.

"Vibovu vipi, mzee?" akauliza mhudumu.

"Havina matundu! Nitavishonaje?" Akavuta droo, akatoa kopo, akalimimina juu ya meza. Vifungo vyeupe, vifungo vyeusi, na katikati yake vidonge, vyeupe na vya bluu. "Tazama mwenyewe. Kifungo gani hiki?"

Mwanangu mdogo, wa miaka mitatu, alikuwa amesimama pale mezani. Akaokota kimoja cha bluu. "Mama, pipi," akasema.

Mhudumu alikidaka kabla hakijafika mdomoni.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikaa chini sakafuni, nikalia. Mambo yote yakanitoka: Msusi, gari, bongo, duka la dawa, vidonge vya bluu. Nikamvua baba kofia nikamwonyesha lile jeraha. Nilisema, "Andika, dada. Andika kwamba mimi ndiye nimemuua."

"Hajafa," mhudumu akasema. "Anatutazama."

"Kwani nani kafa?" akauliza Babu Futi. "Sanda nashona mimi."

Mhudumu akakaa nami sakafuni, palepale na viatu vyake vya vumbi. Akaanza kutenga vifungo na vidonge huku anaongea.

"Sikiliza, mama. Kusahau kwa namna hii si uzee tu. Ni ugonjwa wa ubongo, na haumpati kila mzee. Si uchawi, si laana. Ila mtu anaweza kusahau kwa sababu nyingine pia, kama kukosa damu, kuumwa, kutosikia vizuri, au dawa. Zipo zinazotibika. Ndiyo maana lazima apimwe, tusikisie."

"Na hivi vya usingizi?"

"Hivi ndivyo vinavyomlaza mchana na kumwangusha. Wewe ulidhani ni ugonjwa unazidi, ukaongeza. Na mzee anaweza asiamke siku moja. Lakini usivikatishe ghafla peke yako. Leo hii naongea na daktari, atuambie tupunguze vipi."

Akapiga simu palepale, akamsomea daktari majina ya dawa yote. Kisha akaandika kwenye daftari: vidonge vyeupe vya usingizi, vya bluu, vya shinikizo, kuanguka mara moja. Nilitazama kalamu yake ikienda. Ajabu, kila alivyoandika, kifua changu kilikuwa chepesi zaidi.

"Na lile gari?" nikauliza.

"Gari lipo. Linakuja Jumatatu."

Nikasimama wima.

"Linawachukua wazee wasioweza kutembea mpaka kliniki, na linawarudisha. Ndugu wanaruhusiwa kupanda."

"Wangapi?"

"Mmoja au wawili," akasema.

Jumatatu tulipanda sita. Mimi, watoto watatu, Babu Futi, na mume wangu aliyetoka kazini na miwani ya kuchomelea bado ipo usoni.

Dereva akageuka. "Mgonjwa ni yupi?"

"Yule mwenye futi."

"Na hawa wengine?"

"Walinzi wa bongo," akajibu mume wangu.

Kule kliniki, daktari alikuwa na ukurasa wetu mbele yake. Alikwisha usoma. Hakuuliza ni siku gani. Babu Futi akavunjika moyo.

"Mbona huyu haulizi? Mimi nimejiandaa. Leo Alhamisi."

Daktari akampima damu, macho, shinikizo na masikio. Masikioni akatoa nta, kubwa kama punje ya mahindi. Babu Futi akashtuka, akatazama dari. "Nani kaongeza sauti?"

Baadaye daktari akatuita mimi na mume wangu, naye baba akiwa amekaa katikati yetu. Hakumficha. Alisema ugonjwa wa kusahau upo kweli, na dawa ya kuuponya kabisa bado haijapatikana. Mume wangu akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Daktari akasema, "Lakini sehemu kubwa ya hali mliyoiona wiki hizi ni vidonge. Hiyo tunaweza kuiondoa. Na shinikizo likitunzwa vizuri, ubongo nao unatunzwa."

Mwisho akaja mtafiti, kijana wa kike mwenye koti jeupe. Nikamshika baba mkono wa kushoto, mume wangu akamshika wa kulia.

"Babu, tunafanya utafiti kuhusu kusahau," akasema. "Tungependa kukuuliza maswali kila miezi mitatu, na kuchukua damu kidogo. Ukikataa ni sawa. Utatibiwa vilevile kama wengine."

"Na bongo langu?"

"Bongo lako libaki kichwani, Babu."

"Na kichwa?"

"Kichwa kibaki shingoni."

Babu Futi akatutazama, akamtazama yule binti. "Nakubali. Ila kwanza nikupime. Koti hilo mikono imekuzidi inchi mbili, linanitesa tangu umeingia."

Tulirudi jioni. Nusu ya mtaa ilikuwa imesimama nje, Msusi akiwa mbele kabisa, mikono kiunoni. Babu Futi akashuka kwenye gari polepole. Watu wakanyoosha shingo. Akasimama mbele ya Msusi, akamtazama juu hadi chini.

"Wewe," akasema. "Kiuno kimeongezeka inchi tatu."

"Bongo lipo!" akapiga kelele muuza mkaa. Watu wakaangua kicheko mpaka mbwa wakabweka.

Msusi peke yake hakucheka. Watu walipoondoka alinifuata mpaka uani. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kwa sauti ya chini ambayo kweli ilikuwa ya chini.

"Shoga, vile vidonge vya bluu ni vya mama mkwe wangu. Yuko chumba cha ndani. Nimemfungia kwa kufuli miezi minane. Nilidhani wataniambia mimi ndiye niliyemroga."

Nilimtazama. Kumbe aliyetisha mtaa mzima alikuwa anajitisha mwenyewe. Sikumsema, maana mimi wa kusema ni nani? Nilimshika mkono tukaenda kwa mhudumu, akaandikwa ukurasa wake. Wiki iliyofuata mama mkwe wake alikaa nje juani, anachambua mboga, anawatukana kuku. Kila mtu alifurahi isipokuwa kuku.

Sasa ni miezi saba. Nisikudanganye, Babu Futi bado anasahau. Lakini mchana yuko macho, anatembea wima, hajaanguka tena. Kila Jumanne sisi tunaotunza wazee tunakutana ofisi ya ustawi wa jamii. Huko tunaambiwa waliyoyaona watafiti kwenye nyumba nyingine. Mimi nilijifunza habari ya kikombe. Badala ya kumbishia kwamba amekwisha kunywa chai, nampa kikombe kidogo, kile cha kahawa. Anakunywa vinne, tumbo linapokea kimoja. Sifa yangu mtaani imerudi, ingawa yule jirani hajataka majani yake nimrudishie.

Kwenye kila kabati tumebandika picha ya kilichomo. Dawa zote ziko kwenye kasha moja juu kabisa, na ufunguo anao mume wangu. Ndani ya kola ya kila shati la Babu Futi kuna kitambaa chenye namba ya simu yetu. Nilitaka kukishona mimi. Alininyang'anya sindano. Alivishona vyote mwenyewe, mshono mdogo, ulionyooka kama mstari wa rula.

Jina langu alikwisha lisahau. Siku nyingine ananiita dada yake, siku nyingine ananiita mteja. Juzi alinisimamisha sebuleni akazungusha futi begani kwangu. Nikamwuliza, "Baba, unanijua mimi ni nani?"

Akafikiri sana. "Jina sina," akasema. "Lakini bega hili nalijua. Bega hili ni la nyumbani."

Basi, mama mwenzangu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usiseme "ni uzee tu." Mpeleke apimwe.

Usimpe dawa ya usingizi bila daktari kujua. Ya dukani usimpe, na ya jirani usimpe.

Usikatishe dawa ghafla. Uliza kwanza.

Usifiche vidonge kwenye vifungo, wala kwenye sukari, wala mahali popote mtoto anapofika.

Usimfungie mtu kwa kufuli.

Usimdanganye mhudumu mwenye daftari. Akiandika uongo, utapewa msaada wa uongo.

Usimfundishe mzee majibu. Wewe ndiwe utakayefeli.

Usikubali utafiti usioelezwa, wala usiukimbie ulioelezwa. Uliza maswali, mwulize na mzee mwenyewe.

Usibishane naye habari ya chai.

Na ukisikia uvumi umesukwa nusu kichwa, usikae mpaka mwisho. Nyanyuka uende na hiyo nusu. Nywele zitangoja.